Mtoto hakai kitini kwenye mazoezi ya kuongea

Mama mwenzangu, usimkalishe! Umesema ana miaka 4, anasema "tuku" badala ya kuku, na ukimweka kitini anachomoka. Wangu alikuwa hivyohivyo.

Sisi, hapa Dodoma, tulihamia barazani. Nachora kwa chaki kwenye sementi: kuku, kikombe, kanga. Anaruka mruko mmoja kwa kila silabi: ki-ko-mbe, miruko mitatu. Kiswahili kinasaidia hapo, maana silabi zake zinahesabika vizuri. Akishachoka kuruka tunaleta kopo tupu la rangi na kokoto. Kila akijaribu kusema "ko", anatupia moja, linalia ko! Siku ya kwanza alitupa kama thelathini bila kujua yuko darasani. (Wewe kaa karibu, wa umri huo hukawii kukuta kokoto mdomoni.)

Sauti ya k hutokea nyuma ya mdomo, ndiyo maana wengi huibadilisha kuwa t. Mlaze chali mkekani mcheze kukohoa kama babu, ulimi unarudi nyuma wenyewe. Wangu "ka" ya kwanza ilitoka hapo, tukicheka.

Akikosea usimwambie "sema vizuri". Sema tu, "Eeh, kuku!" mwendelee. Dakika 10 zinatosha.

Ila kama hajapimwa masikio, anzia huko hospitali. Na haya mwonyeshe mtaalamu wake, akuambie ni sauti ipi ya kuanza nayo.