Maktaba za Carnegie: nani hasa alilipa?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nilikuwa naangalia picha za vimji vya wakulima kule Indiana na Iowa, Marekani, nikaona kimji baada ya kimji kina maktaba ya zamani ya matofali, ngazi ndefu mbele, mlango katikati, zinafanana kama ndugu. Nikaambiwa alijenga tajiri mmoja wa chuma, Andrew Carnegie. Sasa kwa nini alihangaika na vimji vidogo hivyo? Na vitabu alinunua yeye? Halafu nasikia wafanyakazi wake hawakumpenda, ni kweli? – Msomaji wa kila toleo

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na vitabu maana hapo ndo siri yote ilipo. Hapana, hakununua. Hela yake ilikuwa ya jengo tu. Kiwanja mji utoe, vitabu mji utafute, na kabla hamjapewa kitu halmashauri iahidi kwa maandishi kwamba kila mwaka itatenga asilimia 10 ya ile hela kutoka kwenye kodi, ya kumlipa mkutubi na kununua vitabu na kuweka taa na moto wakati wa baridi. Fanya hesabu: kawaida walikuwa wanakadiria kama dola 2 kwa kila mkazi, kwa hiyo mji wa watu 5,000 unapata dola 10,000, halafu mnabaki na mzigo wa dola 1,000 kila mwaka, mwaka huu na mwakani na kuendelea. Kwa wakulima wa enzi zile hiyo hela nyingi jamani, na ipo miji iliyokataa kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu vimji vidogo, si kwamba Carnegie alizunguka na ramani akichagua. Wao ndo walioomba. Mara nyingi walioanza ni vikundi vya kina mama, ambao tayari walikuwa wanachanga vitabu na kuviweka kwenye chumba cha kupanga, wanapokezana kuazimisha, halafu wakawakalia kooni wanaume wa halmashauri mpaka barua ikaandikwa. Barua ilikuwa inafika kwa katibu wake, James Bertram, naye anarudisha fomu: mna watu wangapi, mna vitabu vingapi, kodi mtatoa kiasi gani, kiwanja kipo? Ukijibu vizuri, unapata. Indiana peke yake ilijenga zaidi ya 160, hakuna jimbo lililoifikia, na Marekani nzima ni karibu 1,700. Ukijumlisha na nchi nyingine zinafika 2,509.

Kufanana kwake kuna sababu. Mwanzoni miji ilikuwa inamaliza hela kwenye makuba na mapambo, watu wanakosa pa kukaa kusoma, Bertram akachoka akaanza kudai michoro aione kwanza, na mwaka 1911 akatoa kijitabu cha maelekezo: ghorofa moja, besmenti yenye ukumbi wa mikutano, na madirisha yakae juu ili rafu zipite chini yake. Chumba kiwe wazi, mkutubi mmoja akikaa mezani aone kote. Rudi kwenye picha zako uangalie hayo madirisha.

Carnegie mwenyewe alikuwa mtoto wa mfumaji maskini kutoka Dunfermline, Scotland, wakahamia Pennsylvania mwaka 1848 akaanza kazi kiwandani kwa dola 1.20 kwa wiki. Kulikuwa na Kanali James Anderson aliyefungua vitabu vyake, kama 400, kila Jumamosi kwa vijana wa kazi. Carnegie hakumsahau mpaka anakufa.

Na ndiyo, chuki ilikuwepo, na mimi siwezi kuwalaumu waliokuwa nayo. Mwaka 1892, mwaka ule ule alioipa Fairfield, Iowa, hela ya maktaba, kiwanda chake cha chuma huko Homestead, Pennsylvania, kilifunga milango kwa wafanyakazi waliokataa kupunguziwa ujira, meneja wake Henry Clay Frick akaleta walinzi wa kukodi 300, risasi zikapigwa, watu wakafa pande zote mbili, Carnegie mwenyewe yuko Scotland. Miaka sita baadaye Homestead ikapata maktaba. Sasa mtu anayepiga shifti ya masaa 12 mfululizo kwenye tanuru la chuma atasoma saa ngapi? Kwangu mimi swali hilo lina haki yake mpaka leo, hata kama jengo ni zuri na watoto wa yule mfanyakazi walifaidika nalo.

Mwaka 1916 msomi Alvin Johnson alitumwa akague, akakuta sehemu nyingine ahadi ya kodi haitimizwi na wakutubi hawana mafunzo, akashauri hela iende kwa watu badala ya kuta. Mwaka uliofuata misaada mipya ya majengo ikasimama.

Zilizobaki, nyingine ni makumbusho, nyingine ofisi au nyumba za watu, lakini nyingi bado zinaazimisha vitabu, kwa kodi ya wenyeji. Zile ngazi ndo zimekuwa tatizo kwa wazee na wenye viti vya magurudumu, kwa hiyo ukiona kwenye picha jengo jipya limebandikwa ubavuni, mara nyingi humo ndo kuna mlango wa usawa wa ardhi na lifti.