Pikapu ikinywa oili, usikimbilie kufungua injini

Jumatatu nilipata ujumbe kutoka Mokowe, upande wa Lamu, kwa ndugu mmoja anayebeba mizigo inayoshushwa jeti, pale gati la mashua, kupeleka Witu na Mpeketoni. Ameandika hivi: "Kaka, pikapu yangu inakunywa oili vibaya sana. Fundi ananiambia injini imekwisha, ifunguliwe. Wewe ulipitia haya, nishauri."

Niliusoma mara tatu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Malindi, nikaitikia bila kuuliza swali hata moja, na msimu wa maembe ukanipita nikiwa nakaa gereji.

Pikapu yangu ni ya dizeli, injini ya lita 2.8, haina tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini. Niliinunua mkononi mwa mtu nikiwa na nia ile ile mliyo nayo wengi wenu: gari moja lifanye kazi mpaka lizae la pili. Nilikuwa nachukua maembe ya ngowe kule Kakoneni na Langobaya, nashusha soko la Malindi, na msimu ukichanganya nateremka hadi soko la Kongowea, Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka kwetu. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, hauna la kusimulia.

Disemba ya mwaka wa pili nikaanza kuona moshi wa buluu kila nikikanyaga mafuta na mzigo nyuma. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nikiichomoa, kavu. Nikawa natembea na galoni ya oili nyuma ya kiti, naongeza Malindi, naongeza tena Kilifi. Siku moja pale Gede nilikuwa nimesimama karibu na mama mmoja anayeuza viazi vya karai. Nilipoondoka nikamwona kwenye kioo ameinama, ameifunika karai yake kwa leso ili moshi wangu usiingie kwenye viazi. Hakunitukana. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Fundi wa kwanza aliisikiliza injini kama dakika mbili, akasema ringi zimekwisha, yaani zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande juu. Nilichukua shilingi elfu 110, nyingine zikitoka kwenye chama cha mke wangu, nikampa. Ringi mpya, beringi mpya, gasketi, wiki tatu. Gari likatoka linanguruma vizuri, nikamshukuru Mungu. Baada ya miezi saba moshi ukarudi vile vile.

Niseme haki: ringi kweli zilikuwa zimelika. Kinachoniuma ni kwamba hakujiuliza zimeliwa na nini. Na mimi mwenye gari sikumuuliza.

Ndipo nikapelekwa kwa mzee mmoja wa Maweni, aliyetengeneza malori ya chumvi upande wa Gongoni kwa miaka mingi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Linakunywa oili kiasi gani?"

"Nyingi sana, mzee."

"Nyingi si kipimo, mwanangu. Kiasi gani, kwa kilomita ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshalipa pesa ya kufungua injini nzima na sikujua hata linakunywa kiasi gani. Mzee hakulifungua hata boneti. Alinirudisha nyumbani: liegeshe pahali tambarare, zima, ngoja dakika kumi oili ishuke, pangusa dipstiki, pima, jaza hadi alama ya juu na isivuke hapo. Andika kilomita kwenye daftari. Ukitimiza 500, pima tena kwa namna ile ile, uje. Na usiku tandika katoni chini ya injini.

Nikarudi na daftari. Katoni ilikuwa kavu, kwa hivyo oili haikuwa inavuja. Ndani ya rejeta maji yalikuwa safi, kwa hivyo oili haikuwa inaingia huko. Ila kwa kilomita 500 nilikuwa nimeongeza karibu lita moja. Wapo watengenezaji wa magari wanaohesabu hata lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa bado inavumilika. Mimi nilikuwa maradufu ya hapo.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Hakushika spana. Alianza kwenye eya klina, lile boksi la filta ya hewa, akaufuata mpira wa hewa kwa mkono, taratibu, mpaka unapojipinda kuingia kwenye injini. Hapo chini, mahali ambapo macho hayafiki, klipu ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi yetu hii ya bahari, na mpira ulikuwa umepasuka ufa wa urefu wa kidole. Akauvuta ukatoka. Akaingiza kidole ndani, akakitoa chekundu. Vumbi la Langobaya, laini kama hina iliyochekechwa, limeshikana na ukungu wa oili likawa kama hina iliyotiwa maji. Akaliweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akanisogezea sikioni.

"Sikia."

Akasugua. Nikasikia msasa.

Mimi filta ya hewa nilikuwa nabadilisha kila mara, na nilikuwa najisifu kwa hilo. Lakini ufa ulikuwa upande wa pili wa filta, kati yake na injini. Hewa chafu ilikuwa inaingia moja kwa moja, inasugua ringi na kuta za silinda, nafasi inapanuka, oili inapanda hadi inapoungulia mafuta, inatoka moshi. Ringi mpya za elfu 110 zilifungwa zikalishwa vumbi lile lile kupitia ufa ule ule. Mpira na klipu havikufika hata elfu tatu.

Ilibidi injini ifunguliwe tena, silinda zichongwe na pistoni ziwekwe za saizi kubwa. Hayo siyarefushi. Tangu siku hiyo nimetembea kilomita elfu 41 na naongeza robo lita tu kwa kila kilomita 1,000. Daftari lipo, na nasema hivi kwa fahari.

Kwa hivyo ndugu zangu, pimeni. Kabla ya fundi, kabla ya kukopa, pimeni. Halafu tazameni moshi unatoka saa ngapi. Ukitoka asubuhi unapowasha tu kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye valvu. Ukitoka unapokanyaga na mzigo, shuku ringi, na ukishuku ringi tafuta vumbi linapitia wapi. Gari likiwa na tabo, vua bomba lake la hewa uone kama lina oili ndani. Wala usijaze kupita alama kwa kuogopa kupungukiwa: krenki, kile chuma kinachozunguka chini ndani ya injini, itaichapa oili iwe povu, ipande kwenye bomba la kupumulia, irudi kuungua, nawe utasema gari linakunywa. Watakuambia utie oili nzito au dawa ya kuzuia moshi. Moshi huenda ukapungua kidogo, lakini oili nzito haizibi ufa wa mpira.

Tuna tabia sisi wenye magari ya kazi, tunataka gari litoke gereji leo ili kesho libebe. Haraka hiyo ndiyo inayotufilisi. Fundi akikuambia kitu kimekwisha, mwambie kwa heshima akuonyeshe kilichokimaliza. Fundi mwema hatakasirika. Akikasirika, chukua ufunguo wako. Na pima. Najua narudia, lakini ningekuwa na mtu wa kunirudishia hivi wakati ule, pesa za chama cha mke wangu zisingepotea mara mbili.

Yule ndugu wa Mokowe nilimuuliza mambo manne tu. Yake ni ya petroli. Moshi unatoka asubuhi akiwasha, na hata hajaondoka jeti umeshakwisha. Kwa kilomita 500 ameongeza nusu lita. Chini hakuna tone. Hizo ni dalili za sili za valvu: vile vimpira hukauka kwa joto na umri, usiku oili inashuka taratibu kwenye valvu, asubuhi inaungua. Fundi anayejua kazi huzibadilisha bila kushusha injini.

Lakini sikumwambia akanunue kwanza. Nilimwambia avue mpira wa hewa, apitishe kidole ndani mpaka mwisho, anitumie picha. Jana baada ya isha imeingia: kiganja cha mtu chini ya taa ya jeti, kidole kimenyooshwa, safi. Nikamjibu anunue sili, na injini aiache ilipo.