Kikao cha kwanza na wazazi: maswali yenu, majibu yetu

Shule zikifunguliwa, barua zinazotufikia ni za aina mbili: za walimu wanaouliza wawaambie nini wazazi, na za wazazi wanaouliza mbona hawakuambiwa. Safari hii tumezichanganya.

Nafundisha darasa la pili. Nimepewa saa moja ya kukutana na wazazi wiki ya pili ya muhula. Mwaka jana niliwapitisha kwenye silabasi yote, somo kwa somo. Walisikiliza kwa adabu, halafu swali la kwanza likawa: "Chupa ya maji inaruhusiwa?" Nipange vipi safari hii?

Mwalimu, hapo kwenye chupa ya maji ndipo kikao kilipopaswa kuanzia. Mzazi anayemkabidhi mtoto wa miaka saba kwa mtu asiyemfahamu anataka kwanza kujua siku yake inaendaje: anaingilia wapi, begi anaweka wapi, akibanwa na haja anasemaje, na nani anamtoa mwisho wa siku. Hayo yasipotulia, silabasi haimwingii.

Saa yako igawe hivi. Dakika 5 za kukaribishana. Dakika 20 za kuipitia siku ya mtoto kuanzia mlangoni hadi kengele ya mwisho, tena kwa vitendo. Wazazi waingie kama watoto wanavyoingia: mkoba kwenye ndoano, daftari la kazi ya nyumbani kwenye trei, kisha wakae wakute zoezi fupi la kuanzia limeshaandikwa ubaoni. Wakiwa wanaongea, toa ishara yako ya kunyamaza, iwe ni mkono juu au makofi ya mpangilio, wasikie darasa linavyotulia. Mzazi aliyeweka daftari kwenye trei kwa mkono wake atamwuliza mtoto jioni, "Leo daftari ulilipeleka kwenye trei?" Swali hilo lina jibu. "Shule ilikuwaje?" jibu lake kila siku ni "nzuri".

Zinafuata dakika 15 za masomo, na hapa uwe mchoyo. Kwa darasa la pili mzazi anahitaji kujua kusoma kunafika wapi mwisho wa mwaka, na hesabu inafika wapi. Weka mbele yao kurasa mbili: ile ambayo mtoto anaisoma muhula wa kwanza na ile anayotarajiwa kuisoma wa mwisho. Fanya vivyo hivyo kwa mwandiko, ukitumia mifano uliyoiandika wewe mwenyewe, si daftari la mtoto wa mtu. Masomo mengine yaandike kwenye karatasi ya kuondoka nayo. Dakika 15 ni za maswali, 5 za mwisho za kuandikisha miadi.

Karatasi yenyewe iwe moja, pande mbili. Mbele: ratiba ya siku, saa ya kufika na ya kuondoka, vitu vya kuja navyo kila siku, siku ya michezo, siku ya kurudisha vitabu, namna ya kukupata na saa unazojibu. Nyuma: malengo ya mwaka kwa sentensi tano au sita, bila lugha ya chuo cha ualimu. "Umahiri mahususi" humwacha mzazi njia panda. "Atasoma aya fupi bila kukata silabi moja moja, na ataeleza alichosoma" anaielewa papo hapo. Ambaye hakufika apelekewe karatasi hiyohiyo.

Vitu viwili huharibu vikao vilivyopangwa vizuri. Kimoja ni viti: bibi mwenye magoti mabovu hawezi kukaa saa nzima kwenye kiti cha mtoto, kwa hiyo azima viti vichache vya watu wazima mapema. Kingine ni mwaliko. Utoke wiki mbili kabla, ukumbusho ufuate siku moja kabla, na useme waziwazi kama watoto waje au wabaki. Usiposema, wengine watakuja nao, na utatumia nusu ya muda kuwatuliza.

Mzazi mmoja ameniambia kanuni 14 nilizobandika ukutani zinamfanya mtoto aishi kijeshi. Nizipunguze?

Zipunguze, ila sababu isiwe ujeshi. Kanuni 14 hazikumbukiki, hata na wewe uliyeziandika. Bakiza 3 hadi 5, na kila moja iseme la kufanya. "Tembea ndani ya darasa" inamwonyesha mtoto njia. "Usikimbie" inamwacha ajitafutie, naye ataanza kurukaruka.

Ukizichungulia zile unazoziondoa utakuta nyingi si kanuni. Ni taratibu: namna ya kuomba kwenda chooni, ya kuchonga penseli, ya kupanga mstari. Utaratibu hufundishwa kama somo. Unaonyesha wewe, anaonyesha mtoto mmoja, wanafanya wote, na mnarudia kila siku kwa wiki za mwanzo hata kama unaona wameshaujua. Wengi huacha kurudia siku ya nne, kisha mwezi wa pili wanalalamika kwamba darasa halina nidhamu. Mtoto akikosea utaratibu, dawa yake ni kuufanya tena, basi. Akivunja kanuni, zipo hatua: kumbusho la sauti ya chini, kubadilishwa kiti, mazungumzo baada ya somo, ndipo simu nyumbani. Hatua hizo wazazi wazisikie kikaoni, ili siku ukipiga simu wasidhani umeanzia hapo.

Binti yangu yuko darasa la tatu. Nikimwonyesha kutoa kwa kukopa analia, anasema mwalimu hafanyi hivyo. Hesabu imebadilika lini?

Hesabu ni ileile, mzazi mwenzetu. Iliyobadilika ni njia ya kufikia pale. Chukua 52 − 27. Ulivyofundishwa wewe: 2 kutoa 7 haiwezekani, kopa 1 kwa 5, ile 5 inabaki 4, na 2 inakuwa 12. Unapata 25, na ni sahihi. Ila mtoto anaona 1 ikihama bila kuona kwamba iliyohama ni 10.

Ndiyo maana walimu wengi huanza na vijiti. Mtoto anakuwa na mafungu matano ya vijiti kumikumi, na vijiti viwili visivyofungwa. Anatakiwa aondoe 27. Vijiti viwili havitoshi kuondoa 7, kwa hiyo anafungua fungu moja. Sasa ana mafungu 4 na vijiti 12. Anaondoa 7, vinabaki 5. Anaondoa mafungu 2, yanabaki 2. Jibu ni 25, na ameshaona kumi ikifunguka mikononi mwake. Baada ya vijiti atachora mistari kwa makumi na nukta kwa mamoja. Mwisho ataandika tarakimu tupu, na hapo mtakutana.

Akirukishwa hatua hizo, tazama daftari: utakuta 52 − 27 = 35. Ameona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa akapata 5. Kisha 5 toa 2, akapata 3. Kwake kutoa ni kuondoa ndogo kwenye kubwa, iwe imekaa juu au chini. Hapo kumpa maswali 20 zaidi ya aina ileile ni kumkomaza kwenye kosa. Mrudishe kwenye vijiti.

Nyumbani mwambie tu, "Nionyeshe mwalimu anavyofanya." Akishindwa, andika pembeni ya daftari: "Amekwama kufungua kumi." Mwalimu atafaidika zaidi na mstari huo kuliko ukurasa wa majibu sahihi ambayo kwa kweli ni yako. Na mwalimu unayesoma hapa, zile dakika 15 za masomo zitumie hivi: vijiti mikononi mwa wazazi, swali moja, njia mbili.

Mwanangu kaanza darasa la kwanza. Kila asubuhi mlangoni ni kilio na kuning'ang'ania. Niingie naye nikae kidogo?

Usiingie, labda mwalimu mwenyewe akuombe. Ukikaa leo, kesho atalia mpaka ukae tena. Muage kwa kifupi na kwa maneno yaleyale kila siku, umwambie nani atamchukua na baada ya nini: "Hadithi ya mwisho ikiisha, utanikuta mlangoni." Kwa mtoto wa miaka sita tukio linashikika kuliko saa. Kisha nenda. Kutoroka akigeuza shingo ni kubaya zaidi, maana kesho yake hatakuondolea macho. Mwombe mwalimu akutumie ujumbe mfupi akishatulia. Wengi hutulia mapema kuliko mzazi anavyodhani. Ikiwa wiki tatu nne zimepita bila nafuu, au ameanza kuumwa tumbo asubuhi za shule tu, au amerudia kukojoa kitandani, omba miadi na mwalimu.

(Kwa ujumbe wa sauti) Mimi sikusoma. Shule inasema nimsikilize mtoto akisoma dakika 15 kila siku. Nitajuaje kama amekosea?

Utajua, mama, kwa sababu lugha unaijua. Kaa ubavuni mwake uone kidole kinavyofuata mstari. Akikwama, nyamaza kwanza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wakiuliza swali humngoja mtoto kama sekunde 1 hivi, na kwamba wakingoja 3 au zaidi majibu yanakuwa marefu na yenye fikra zaidi. Na wewe hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Akiwa bado amekwama, mwambie alikate neno: a-na-che-za. Akitamka kitu ambacho si neno, au sentensi isiyoingia akilini, sikio lako litakwambia. Muulize, "Hapo umenielewesha kweli?" naye atarudi nyuma mwenyewe.

Ikifika dakika ya 10, afunge kitabu akusimulie alichosoma. Asiyeweza kusimulia ametamka tu. Na akikwama kwenye maneno 5 katika ukurasa mmoja, kitabu ni kizito kwake, akibadilishe.

Mwambie mwalimu faraghani kwamba karatasi hazikusaidii. Shule iliyojipanga huuliza kila familia kwenye fomu ya kwanza: taarifa upewe kwa karatasi, kwa simu au kwa ujumbe wa sauti? Hapo hakuna anayelazimika kujieleza. (Fomu hiyo isomwe kwa sauti kikaoni, la sivyo inawakosa walewale iliyowalenga.)

Kwenye kikao mzazi mmoja alizungumzia mwanawe na mtoto wanayekaa naye dawati moja kwa dakika 20. Sikujua namna ya kumkatiza.

Ubaya wake si muda tu. Mtoto wa mtu mwingine alitajwa mbele ya watu, na huenda mzazi wake alikuwa amekaa hapohapo. Tangaza mwanzoni, kabla hajakosea yeyote: leo tunazungumzia darasa, habari za mtoto mmoja mmoja zina miadi. Karatasi ya miadi ya dakika 10 iwe mezani karibu na mlango, saa zikiwa zimeshaandikwa. Mtu akianza, mwambie, "Hilo nataka nilisikie lote, na hapa halitatosha. Jumanne saa 9 alasiri utaweza?" Liandike jina lake akiwa anakuona. Siku ya miadi usiikose, maana mwaka ujao hatakuamini.

Kazi ya nyumbani inamfikisha mwanangu saa 4 usiku. Yuko darasa la tatu.

Ni nyingi mno. Kipimo kinachotumika sana ni dakika 10 kwa kila darasa: la kwanza 10, la tatu 30. Tega saa. Dakika 30 za kazi ya kweli zikiisha, piga mstari chini ya alipofika, andika "dakika 30" na uweke sahihi. Huenda kazi ni nyingi, huenda mtoto hajaelewa somo. Mwalimu ataona ni lipi.

Kuhusu usingizi, mwaka 2016 American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani, ilipendekeza saa 9 hadi 12 kwa siku kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Anayeamka saa 12 asubuhi anatakiwa awe usingizini saa 3 usiku, na hapo amepata kiwango cha chini kabisa.

Tunachelewa dakika kumi tu asubuhi. Mbona mwalimu analikuza jambo hili?

Kwa sababu dakika hizo ndizo za zoezi la kuanzia na marudio ya somo la jana. Anayezikosa hulianza somo jipya akimtazama jirani amefungua ukurasa gani. Na zinajumlika: dakika 10 kwa siku ni 50 kwa wiki, na kwa mwaka wa wiki 36 ni saa 30. Kama usafiri ndio unaowachelewesha, mweleze mwalimu wiki hii. Anaweza kumwachia zoezi la kuanzia mezani pake, alifanye wenzake wakiwa wanakusanya madaftari.