Kuvutiwa na Shetani wa Milton si kosa

Ndugu, unauliza kama umepotoka kwa kuvutiwa na Shetani kuliko Adamu katika Paradise Lost, utenzi wa Mwingereza John Milton kuhusu anguko la Adamu na Hawa, na insha inakusubiri. Hujapotoka. Naamini Milton alimpa Shetani ulimi mtamu ili nawe uonje kishawishi. Nami nilikwama hapo hapo, mpaka niliposoma kitabu cha 9, yaani sehemu ya tisa ya utenzi, polepole: Adamu anamsukia Hawa shada la maua, anapojua Hawa amekula tunda lililokatazwa, shada linamponyoka mkononi, mawaridi yamekwisha kunyauka. Anzia hapo, kwenye mkono ule. Kisha fuatilia Shetani anavyoshuka, kutoka jemadari hadi nyoka.

Ila angalia toleo: la 1667 lina vitabu 10, na anguko liko kitabu cha 8; la 1674 lina 12, na anguko liko cha 9. Muulize mwalimu anataka lipi kabla hujanukuu.