Gari la mzee lifanye kazi

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Gari la zamani la familia lililochoka, ulitunze kama kumbukumbu au uliuze?" Nimesoma majibu ya wenzangu. Wengi wamesema ya kale ni dhahabu, wachache wamesema liuzwe hela ikanunue kiwanja. Mimi nimekerwa na hayo maneno "kama kumbukumbu". Nani kasema kutunza gari ni kuliegesha nyuma ya nyumba na kulifunika turubai? Piteni vihambani, yale mashamba ya nyumbani ya Uchagani, kuanzia Machame mpaka Mwika, mtayaona: Peugeot 404, Land Rover za zamani, Datsun, zimekalishwa juu ya matofali, kuku wanataga kwenye viti, na migomba imeota hadi usawa wa kioo. Wenyewe wanasema wanatunza. Kwangu mimi huko ni kuozesha polepole.

Kwa hiyo naomba mniruhusu nijibu swali ambalo hamkuliuliza: je, gari la mzee linaweza kufanya kazi kila siku, hapahapa Moshi, mikononi mwa mtu ambaye si tajiri wala si fundi?

Langu ni pikapu ya Datsun 1200. Marehemu baba aliinunua miaka ya 1980. Wa rika lake wanakumbuka: mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, pikapu zilifurika nchini, na kabla ya hapo kupata gari ilikuwa shughuli ya vibali na kujuana. Injini yake ni ile A12 ya silinda nne, ukubwa wa sisi (cc) 1171, kabureta moja ya kuchanganya petroli na hewa, na imeandikiwa kubeba kilo 500. Wajapani walianza kuitengeneza mwaka 1971 na hawakuacha mpaka 1994. Afrika Kusini waliendelea na ndugu yake, Nissan 1400, hadi 2008, na hiyo ndiyo sababu spea za maana bado zinapatikana ukiwa na subira. Nyingine nimezipata Unga Limited kule Arusha, nyingine zimevuka Namanga kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Tairi za inchi 12 zilinitesa mpaka kirikuu, vile vipikapu vidogo vya Suzuki, zilipojaa mjini. Tairi zake zinakaa kwenye ringi zangu bila ugomvi.

Nauza chakula cha kuku pale Mbuyuni. Pumba, mashudu, mifuko ya chakula cha kuku wa mayai, vyote vinapelekwa kwa wateja na pikapu hiyo: Rau, Soweto, Pasua, na mara nyingine Kibosho.

Kuifufua sitaeleza sana, maana kila aliyefufua gari ana hadithi ileile ya fedha kwisha kabla ya kazi. Nitaje mambo mawili tu. Sakafu ya kebini ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukiinua kapeti unaona lami. Niliyempelekea kwanza alitaka kupiga puti na rangi, amalize wiki hiyohiyo. Fundi niliyenaye sasa alikata kutu yote mpaka akafika kwenye chuma kizima, akachomelea bati jipya, akapaka dawa ya kutu juu na chini. Alisema, "Puti si bati, mama." La pili ni hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Ni ya alumini, na injini iliwahi kuchemka zamani, ikapinda. Ukifunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda umetupa hela. Tuliipeleka Arusha ikasawazishwa kwa mashine, na tangu hapo haijachanganya maji na oili.

Ikaanza kazi, na hapo ndipo nilipojifunza ninachotaka wasomaji wakisikie: gari la namna hii linakufa kwa kukaa. Petroli iliyolala kwenye kabureta hukauka na kuacha utando unaoziba vijitundu vya jeti. Raba za breki hukauka, pistoni zinagandana na silinda zake. Betri inakwisha, panya wanakula waya. Ukiliendesha kila siku unalisikia linavyobadilika, na unawahi. Asubuhi ya Juni, baridi ikiwa imeteremka kutoka mlimani, navuta choki, nakanyaga mafuta kidogo, napiga stata, naliacha lipate joto wakati napakia mifuko. Pointi, ile swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa cheche za plagi, nazisugua kwa msasa laini na kuzirudisha kwenye nafasi ya kama nusu milimita. Chini ya kiti kuna spana namba 10, 12 na 14, bisibisi, mkanda wa feni, plagi, pointi za akiba na dumu la maji. Hayo yote nimejifunza nikiwa na duka la kuendesha.

Sasa niwaeleze siku moja, kwa sababu ndiyo ninayoisimulia kila mtu akinishauri niuze.

Ilikuwa Februari, na joto la Moshi la Februari mnalijua. Mama alikuwa ametoka hospitali ya KCMC kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja limefungwa, ameambiwa asiiname, asibebe kitu kizito, asiingiwe na vumbi. Kaka yangu alikuwa na gari lake zuri lenye kiyoyozi. Mama akasema atapanda gari la baba yetu, na mama akishasema amesema. Tukatoka, tukapita Kiboriloni, tukafika Himo, tukakata kushoto kupanda Marangu. Mbele yetu kuna lori la saruji linajikokota. Gia ya pili, kisha ya kwanza. Pikapu ikaanza kumisi, ikakohoa, ikazima kilimani.

Vijana wa bodaboda walifika kabla sijafungua boneti. Wote kwa pamoja: petroli imechemka. Na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Pampu ya mafuta ya gari hili imefungwa ubavuni mwa injini, inakula joto lote la chuma. Ukipanda mlima polepole na mzigo, upepo haupiti, petroli inageuka mvuke ndani ya pampu, na pampu hiyo haiwezi kusukuma mvuke. Dawa yake inajulikana: kitambaa kibichi juu ya pampu, subiri ipoe. Kijana mmoja alichota maji kwenye mfereji uliokuwa unapita kando ya barabara, nikachana kipande cha kitenge, tukaifunga pampu. Tukangoja. Nikapiga stata, ikawaka. Tukashangilia. Kona ya pili ikazima tena.

Maji tena, kungoja tena, ikawaka, ikazima. Mama yuko ndani, khanga ameivuta mpaka chini ya macho kuzuia vumbi la magari yanayopita. Noah ikasimama, ina nafasi, konda akamwita kwa heshima: "Shikamoo mama, njoo tukufikishe Marangu Mtoni, dada atakuja na gari." Mama akaitikia marahaba, akamshukuru, akakataa. Akasema mume wake hakuwahi kuliacha gari hili barabarani, na yeye haliachi. Noah ikaondoka. Ikapita nyingine, jibu likawa lilelile.

Ndipo akatoka mzee mmoja kwenye kihamba cha upande wa juu, fimbo mkononi. Hakuja kwenye injini. Alienda kwanza dirishani kwa mama, wakasalimiana kwa Kichaga, wakaulizana ukoo, wakatajiana watu, mpaka ikaonekana mjomba wa huyu alioa kwa kina yule. Sisi tumesimama na kitenge chetu kibichi. Walipomaliza ndipo akanigeukia. Alikuwa dereva wa malori yaliyobeba kahawa ya KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, enzi zile. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Umeangalia moto?"

Sikuwa nimeangalia. Akachomoa waya wa katikati wa disitribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi, akaushika kwa kitambaa kikavu karibu na chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Cheche ilitoka nyembamba, nyekundu, inayumba. Akasema cheche nzima ni ya bluu na unaisikia ikipiga. "Hii si petroli, mwanangu. Kondensa imechoka. Ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Maji yenu yamewadanganya."

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Pointi zinapoachana, umeme unataka kuruka ile nafasi. Kondensa, kichupa cha bati kinachotosha kwenye kiganja cha mtoto, kinaumeza umeme huo ili koili ikatike ghafla na kutoa cheche kali. Kikichoka, pointi zinaungua na koili inatoa cheche dhaifu. Na kwa kuwa kinaharibika kwa joto, dalili zake ni zilezile za petroli kuchemka: gari linazima likiwa moto, linawaka likipoa. Kila tulipofunga kitenge, kilichotusaidia ni ule muda wa kungoja.

Pointi za akiba nilikuwa nazo. Kondensa sikuwa nayo, na wala gari la kisasa lisingenipa, maana halina kitu hicho. Mzee akatuacha, akapanda kihambani kwake. Tulingoja mpaka jua likaanza kulala. Akarudi na bisibisi na kondensa yenye vumbi la miaka, akaipangusa kwenye suruali. Alikuwa ameitoa kwenye Peugeot 404 yake, pikapu iliyokaa juu ya mawe nyuma ya zizi la ng'ombe. Skrubu moja, waya mmoja. Nikapiga stata, tukapanda mpaka Marangu Mtoni bila kukohoa hata mara moja. Hela alikataa. Alimwambia mama amsalimie mjomba.

Hadithi hiyo nimekuwa nikiitoa kama ushahidi: oneni, gari la zamani halina jambo lisilotengenezeka barabarani kwa bisibisi. Na ni kweli. Magari ya leo yakizima namna ile unaita gari la kuvuta, basi.

Lakini nimeiandika yote hapa, na mambo mawili hayakai vizuri. La kwanza ni ile 404. Nimeanza barua hii nikiwasema wanaoweka magari juu ya matofali, na kilichotufikisha nyumbani kilitoka kwenye gari lililowekwa juu ya mawe. Kama yule mzee angewauzia watu wa chuma chakavu, tungelala pale. Kwa hiyo nalegeza kauli. Gari lililokaa bado lina faida kwa jirani, mradi liwe chini ya paa na mwenyewe asikatae kugawa.

La pili ni zito zaidi. Mama mwenye jicho la siku moja alikaa mchana kutwa kwenye joto na vumbi. Jicho lilipona vizuri, namshukuru Mungu. Ila sifa ya siku ile ni ya mama kwa uvumilivu wake, na ya mzee kwa maarifa yake. Gari halina sifa hata moja pale. Tena kuna mambo ambayo hayatengenezwi kwa bisibisi: langu lina breki za dramu magurudumu yote manne, na ukiteremka Kibosho na mzigo unahisi kanyagio linavyolainika zikipata moto. Mimi nimezoea, nashuka na gia ndogo. Mtoto wangu akijifunza udereva sitaki ajifunzie humo.

Kwa hiyo jibu langu si lile nililodhani ningeandika. Kijana anayeanza biashara ya ndizi au mboga, ambaye asipofika sokoni alfajiri amepoteza siku, anunue kirikuu. Ni sisi 660 tu na inabeba pungufu ya Datsun, lakini inawaka kila asubuhi na spea zake ziko kila kona. Namwambia hivyo na nina pikapu ninayoipenda uani.

Aliyeachiwa gari na mzazi aliendeshe, tena kila siku, kama ana fundi wa jirani anayejua kabureta. Hao wanapungua, vijana wengi wa gereji wanatafuta kwanza mahali pa kuchomeka kompyuta. Awe pia na usafiri mwingine wa mgonjwa, wa mtoto, wa msiba. Na kama kodi ya nyumba inangoja kipato cha gari hilohilo, aliuze, kwa mtu atakayeliendesha. Chuma chakavu kiwe cha mwisho kabisa, na hata hapo avue kwanza disitribyuta, kabureta, vioo na taa, aviweke ndani.

Langu haliuzwi. Kesho linapeleka mifuko Rau. Mama akishuka kliniki anapanda gari la kaka, na yeye mwenyewe bado hajakubaliana na mpango huo. Na kama kuna msomaji wa Arusha au Moshi mwenye mlango wa kushoto wa Datsun 1200 ambao haujaoza chini, naomba amwandikie mhariri. Kondensa ninazo mbili za akiba, nitampa moja.

Msomaji wenu, Moshi