Wachezaji wanatoka kama moshi kwenye picha

Mdogo wangu, umesema unajifunza kupiga picha hapo Mtwara, na kila ukienda mechi uwanja wa Nangwanda Sijaona wachezaji wanatoka kama moshi. Kamera haina kosa. Spidi ya shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kujifunga, ndiyo ndogo. Usishuke chini ya 1/500 ya sekunde, na mtu akikimbia kasi weka 1/1000. Jua likififia pandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), hata 1600, bila woga. Chengachenga zitakazotokea kwenye picha zinavumilika, ukungu hauvumiliki.

Ila uwanja uache kwanza. Nenda kwenye chandimu ya watoto ufukweni Shangani, saa kumi na moja jioni, uombe ruhusa kwa wakubwa wao. Piga magoti mchangani, lenzi iwe usawa wa viuno vyao. Chagua mtoto mmoja tu, mfuate na kamera, ubonyeze kitufe pale mguu wake unaporudi nyuma ili apige. Ukisubiri mpira upigwe umeshachelewa. (Mimi nilipoteza mwezi mzima nikiufukuza mpira.)

Saa sita mchana kalale, jua liko utosini na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi.

Na ukirudi nyumbani puliza mchanga kwanza ndipo ufute lenzi. Mimi nilianza kwa kufuta, mkwaruzo ninao hadi leo.