Bonane ya mwaka wa msiba: tushukuru au tunyamaze?

SWALI: Bwana asifiwe, Pasta. Kwetu hapa Goma, kila Bonane, siku ya Mwaka Mpya, baba alitukusanya, na kabla ya kugusa bugali kila mtu, hata mtoto, alitaja jambo moja la kumshukuru Mungu. Baba alishatangulia, sasa mkubwa ni mimi. Mwaka huu mdogo wangu amezika mtoto, na tangu benki zifungwe Januari 2025 mshahara tunaufuata kwa taabu. Mume wangu anasema tuache, itakuwa unafiki. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, Mama. Mume wako hajakosea kabisa. Niliwahi kuona mjane akisimamishwa kanisani "atoe shukrani" siku chache baada ya kuzika. Alisema maneno yote yanayotakiwa, huku vidole vikikunja na kukunjua pindo la kitenge. Nilinyamaza, na bado najuta.

Fungua Yohana 11. Mstari wa 35, Yesu analia machozi. Mpaka mstari wa 41 ndipo anasema, "Baba, nakushukuru." Katikati kuna kaburi la Lazaro, jiwe, na harufu ambayo Martha haoni haya kuitaja. Mdogo wako yuko bado kwenye ule wa 35, usimvute. Zamu ikimfikia, apite. Au ataje jina la mtoto wake tu, nanyi mnyamaze pamoja naye.

Lakini meza ya baba usiivunje. Wote tunakariri 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo", tunaruka Walawi 7:15: nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ileile, isibakizwe mpaka asubuhi. Ya nadhiri iliruhusiwa kulala, hii, hapana. Sasa fikiri, karibu mnyama mzima pamoja na mikate yake, siku moja! Nyumba moja itamalizaje? Utabisha hodi kwa jirani, utake usitake. Mimi naisoma hivi: Mungu hakutaka mtu ashukuru akiwa amefunga mlango.

Mbuzi hamna, sawa. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na sombe ya majani ya muhogo vinatosha, ila sufuria iwe kubwa kidogo, na mwite jirani aliyepoteza nyumba. Usikope ili Bonane ifanane na zile za baba. Nguo mpya za watoto zingoje.

Na uanze wewe, kwa jambo dogo la kweli, hata kama ni maji yaliyotoka bombani juzi. Mume wako akitaka kupita, naye apite.